Jiji Ukutani: Nani Anajitambua Katika Maonyesho ya Picha?

Mwaka 1838 Mfaransa Louis Daguerre, mmoja wa wavumbuzi wa upigaji picha, aliielekeza kamera yake kwenye barabara ya Boulevard du Temple jijini Paris, barabara iliyokuwa na pilikapilika mchana kutwa. Kwa kuwa bamba lake la kunasia picha lilihitaji dakika kadhaa kupokea mwanga wa kutosha, chochote kilichokuwa kikitembea, yakiwemo magari ya farasi na wapita njia, hakikuacha alama, na barabara ikatokea tupu. Waliobaki ni mtu mmoja aliyesimama kung'arishiwa viatu na, kwa umbo hafifu, mng'arisha viatu aliyeinama mbele yake. Wawili hao huhesabiwa kuwa miongoni mwa binadamu wa kwanza kabisa kuonekana katika picha ya kamera, na majina yao hayajulikani.

Wakati ule aliyewachuja watu alikuwa ni kemia ya bamba. Leo kamera humnasa ndege akiwa angani, lakini uchujaji haujaisha, bali umehamia mikononi mwa watu. Mpiga picha huamua asimame wapi, mratibu wa maonyesho huamua picha ipi ipate fremu na ipi irudi sandukuni, mfadhili huamua sura ipi ya jiji inamfaa kuhusishwa nayo, na mwenye ukumbi huamua mlango uwe wazi saa zipi. Maonyesho yanayotangazwa kuwa ya kusherehekea jiji, watu wake na mahali pake, ni matokeo ya maamuzi hayo yote. Kwa hiyo ninaposoma tathmini zinazosifu rangi, mwanga na mpangilio peke yake, naona zimeanza na swali la pili na kuliruka la kwanza. Swali la kwanza ni hili: mtu aliyemo pichani, au jirani yake, akiingia ukumbini atajitambua? Sizungumzii kuitambua sura peke yake, kwa sababu hata kioo humwonyesha mtu sura yake. Nazungumzia kukuta jina lake limeandikwa sawasawa, kazi yake imeelezwa kwa usahihi, mtaa wake umetajwa kwa jina wanalolitumia wakazi, na sababu ya yeye kuwekwa ukutani inaeleweka bila kumdhalilisha.

Tuanze na mahali, kwa kuwa huko ndiko maonyesho mengi hukimbilia. Jengo halikatai kupigwa picha, halidai malipo, wala halirudi kesho yake kulalamika. Ndiyo maana kuta za maonyesho ya aina hii hujaa machweo nyuma ya maghorofa, madaraja yaliyowashwa taa, na barabara zinazoonekana kutoka kwenye droni kama mishipa ya mwili. Picha hizo zinaweza kuwa nzuri kweli, na uzuri ni haki ya jiji lolote. Tatizo ni kwamba zinaliona jiji kwa jicho la asiyeishi ndani yake. Mkazi halioni jiji lake kutoka angani. Hulijua kupitia kona anayoivuka kila asubuhi, ngazi zenye ukingo uliolika, ukuta ambao wenye shida ya kazi hukaa wakisubiri kuitwa, na mlango ambao kila mtu anajua ukifungwa maana yake nini. Maonyesho yasiyokuwa na picha hata moja ya mahali pa aina hiyo yanamsherehekea mgeni mtarajiwa, na wakazi wanabaki kuwa kisingizio.

Historia inatupa sababu nzito zaidi ya kuwa waangalifu tunapoonyesha mahali. Mwaka 1862 Charles Marville aliteuliwa kuwa mpiga picha rasmi wa jiji la Paris, na kazi yake inayokumbukwa zaidi ni picha za mitaa ya kale iliyokuwa ikibomolewa, au iliyokuwa karibu kubomolewa, ili kupisha barabara pana za mpango wa Haussmann, kiongozi wa serikali aliyesimamia ujenzi mpya wa jiji hilo. Glasgow nako, huko Uskoti, baada ya sheria ya uboreshaji wa jiji ya mwaka 1866, chombo kilichopewa jukumu la ubomoaji kilimwagiza Thomas Annan apige picha za vichochoro vya mji wa kale, naye akaifanya kazi hiyo kati ya mwaka 1868 na 1871. Picha za Annan zinavutia mno: kuta ndefu zenye unyevu, nguo zilizoanikwa juu, mfereji wa maji machafu ukipita katikati, na mwisho wa kichochoro kundi la watu, baadhi yao wakiwa kama moshi kwa sababu walisogea kabla kamera haijamaliza kazi. Lakini aliyeziagiza ndiye aliyekuwa akibomoa. Picha hizohizo zilikuwa uthibitisho wa maendeleo kwa walioziagiza, na kwa waliohamishwa zilikuwa kumbukumbu ya makazi yao, kumbukumbu ambayo pengine hawakuulizwa kama wanaitaka wala hawakupewa nakala.

Nasema haya si kwa kuwalaumu wapiga picha wale wawili, ambao bila wao tusingekuwa na chochote cha kuangalia. Nayasema kwa sababu picha ya mahali isiyoeleza nani aliishi hapo, nani aliondoka, kwa amri ya nani, na nini kimejengwa badala yake, huyageuza makazi ya watu kuwa mapambo. Eugène Atget, aliyeipiga picha Paris kwa takriban miaka thelathini hadi kifo chake mwaka 1927, alikuwa na mazoea ambayo waandaaji wa leo wangefaidika nayo kuliko mtindo wake wa kutumia mwanga wa alfajiri: aliipa kila negativu namba, na nyuma ya picha akaandika jina la mahali. Alipoiuzia serikali ya Ufaransa negativu zaidi ya 2,600 mwaka 1920, alikuwa anauza pamoja nazo maarifa ya mitaa, nyua, milango na alama za maduka. Bila maandishi yale, sehemu kubwa ya kazi yake ingekuwa leo ukuta mzuri usiojulikana uko wapi.

Hapo ndipo ninapofika kwenye jambo ninaloliona kuwa moyo wa maonyesho yoyote ya jiji, nalo ndilo linaloshughulikiwa kwa haraka zaidi, mara nyingi usiku wa kuamkia ufunguzi: maelezo ya picha, ile karatasi ndogo inayobandikwa pembeni ya fremu. Picha inaweza kubeba ushahidi mwingi, lakini haiwezi kusema jina. Haiwezi kusema kwamba mwanamke anayecheka alikuwa amefungua kibanda chake siku ile kwa mara ya kwanza, wala kwamba mzee aliyeketi mlangoni ndiye aliyechimba msingi wa nyumba ile. Maneno machache yasipoyasema hayo, mtazamaji atayajaza mwenyewe, na atayajaza kwa dhana alizokuja nazo.

Mfano mkubwa kuliko yote wa kuondoa maelezo ni maonyesho ya The Family of Man, yaliyoandaliwa na Edward Steichen katika jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York mwaka 1955. Yalikuwa na picha 503 za wapiga picha 273 kutoka nchi 68, yakazunguka duniani kwa miaka, na yanasemekana kutazamwa na watu wapatao milioni tisa. Kusudi lake lilikuwa la heri: kuonyesha, miaka kumi baada ya vita vikuu, kwamba binadamu ni mmoja katika kuzaliwa, kupenda, kufanya kazi na kufa. Ili kulifikia kusudi hilo, picha zilibaki na jina la mpiga picha na nchi tu, na mahali pa maelezo ya tukio pakawekwa methali na nukuu kutoka tamaduni mbalimbali. Mwanafikra Mfaransa Roland Barthes aliyakosoa kwa sababu ambayo bado ina nguvu: kusema kwamba watu wote hufanya kazi na wote hufa kunaficha swali la kwa nini wengine wanafanya kazi ngumu zaidi na kufa mapema zaidi. Maonyesho ya jiji moja hurudia kosa hilo kwa kiwango kidogo kila yanapoandika chini ya picha ya mchuuzi "Tabasamu la jiji" au "Roho ya mtaa". Tabasamu lile lina mwenyewe.

Mfano wa pili haujulikani sana, na kwangu unaumiza zaidi. Kati ya mwaka 1935 na 1939 Berenice Abbott, akifadhiliwa na mpango wa serikali ya Marekani wa kuwapa wasanii kazi wakati wa mdororo wa uchumi, aliipiga picha New York ilivyokuwa ikibadilika: vibanda vya magazeti, reli za juu, maduka ya zana, majengo mapya yakiyameza ya zamani. Picha hizo zilionyeshwa katika jumba la makumbusho la jiji lenyewe mwaka 1937. Zilipochapishwa kitabuni mwaka 1939, maelezo yaliyoandikwa na Elizabeth McCausland, mhakiki aliyeifahamu kazi hiyo kwa undani, yalikatwa na kuandikwa upya ili kitabu kiwafae wageni waliokuja kuona maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika jijini humo mwaka huohuo. Hakuna picha iliyobadilika kwa kitendo kile. Kilichobadilika ni nani anayezungumziwa na nani anayezungumza. Mradi uliouliza jiji linajengwaje na kwa faida ya nani ukawa mwongozo wa watalii, na kilichofanya kazi hiyo ni maneno ya pembeni peke yake.

Maelezo mazuri hayahitaji urefu. Yanahitaji jina kamili kama mwenyewe anavyoliandika, kazi kama yeye anavyoiita, mahali kama wakazi wanavyopaita, tarehe, na sentensi moja au mbili ambazo mpigwa picha amezisoma, au amesomewa, na kuzikubali kabla hazijachapwa. Hilo la mwisho ndilo linalokataliwa zaidi kwa hoja ya muda. Lakini mwandaaji aliyepata muda wa kuchagua aina ya karatasi na upana wa fremu, akakosa muda wa kumpigia simu mtu ambaye uso wake utakuwa mkubwa kuliko mlango, ameshaonyesha nani ana uzito katika kazi yake.

Jina linapopotea, hupotea kwa njia ambazo hata waandaaji wenye nia njema hawazitarajii. Mpiga picha Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako, mji mkuu wa Mali, mwaka 1948, na kwa zaidi ya miaka kumi wakazi wa jiji lile walikuja kwake wakiwa wamevaa walivyotaka kuonekana. Alikuwa na saa, kalamu, redio na pikipiki ambazo mteja angeweza kupigwa nazo picha, na mara nyingi alitundika kitambaa chenye maua nyuma ya mteja. Kwa desturi alipiga picha moja tu kwa kila mtu, kwa sababu filamu ilikuwa ghali na kwa sababu alijiamini. Wateja waliondoka na picha ndogo, nyingi zikiwa za sentimita 13 kwa 18, wakaziweka nyumbani au kuwatumia jamaa. Mwaka 1991 baadhi ya picha zake zilionyeshwa New York zikiwa na maelezo kwamba mpiga picha hajulikani. Keïta alikuwa hai, katika jiji lilelile, na watu wa Bamako walimfahamu vizuri. Ilibidi mtu asafiri hadi Mali na kuuliza ndipo jina lake lilipopatikana, na mwaka 1994 akafanyiwa maonyesho yake mwenyewe Paris.

Kisa hiki huhadithiwa kama ushindi, nami nakubali kwamba ni ushindi kwa Keïta. Lakini tukikitazama upande wa waliokaa mbele ya kamera, ushindi huo ni nusu. Picha zilizokuwa ndogo za kushikwa mkononi zimekuzwa zikawa na ukubwa wa kujaza ukuta katika kumbi za Ulaya na Marekani, na chini yake, mara nyingi, hakuna jina la aliyepigwa. Wale walikuwa wateja. Walilipa ili waonekane kama wanavyotaka, kisha wakawa watu wasiojulikana katika sifa ya mtu mwingine. Mpiga picha alirudishiwa jina lake kwa sababu mtu alikwenda kuuliza, na waliopigwa picha wangeweza kuulizwa vivyo hivyo, katika mitaa ileile, wakati wengi wao walikuwa bado hai. Jiji lolote lenye studio kongwe za picha lina nafasi hiyo leo, na kila mwaka unaopita inapungua kwa idadi ya wazee wanaokufa.

Uchaguzi wa picha nao una siasa yake, hata pale ambapo waandaaji hawaoni siasa yoyote. Januari 1969 jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York lilifungua maonyesho ya Harlem on My Mind, yaliyokusudiwa kueleza historia ya Harlem, mtaa wa jiji hilo unaojulikana kwa wakazi wake Weusi, kwa picha zilizokuzwa, sauti na maandishi. Wachoraji na wachongaji Weusi wa Harlem waliandamana nje ya mlango, kwa sababu kazi zao hazikuwekwa: Harlem ilionyeshwa kama mahali pa kuangaliwa, na si mahali penye watu wenye uwezo wa kujieleza kwa sanaa yao. Kulikuwa pia na malalamiko kwamba wakazi hawakushirikishwa ipasavyo katika kuamua. Pamoja na hayo, maonyesho hayohayo ndiyo yaliyomtoa James Van Der Zee gizani. Alikuwa amewapiga picha watu wa Harlem kwa miongo kadhaa katika studio yake, akiwapa heshima ya mavazi na mikao waliyoichagua, na umaarufu ukamfikia akiwa na umri wa miaka 82. Mambo hayo mawili yalikaa katika jengo moja kwa wakati mmoja, nami sioni sababu ya kulifuta moja ili kulinusuru jingine. Ninachokiona ni kwamba sehemu bora ya maonyesho yale ilikuwa ile iliyotengenezwa na mtu aliyeishi na watu aliowapiga picha, aliyejua kwamba kesho yake wangemuuliza picha zao ziko wapi.

Kuhusu mahali pa kuonyeshea nitasema machache. Ukumbi wenye walinzi, kiingilio na ukimya wa kutisha huwazuia watu wengi bila kuandika tangazo lolote mlangoni. Picha zilizotundikwa ili kitovu chake kiwe sentimita 150 hivi kutoka sakafuni zinamfaa mtu mzima aliyesimama, na kumsahau mtoto na anayetumia kiti cha magurudumu. Mwaka 2009 msanii Mfaransa anayejiita JR alifunika mapaa ya Kibera, Nairobi, kwa picha kubwa za nyuso na macho ya wanawake wanaoishi hapo, jumla ya mita za mraba zipatazo 2,000, zikiwa zimechapwa kwenye kitambaa kisichopitisha maji ili zizuie mvua pia. Mtu anaweza kuuliza, kwa haki, nani alizidi kunufaika na umaarufu wa kazi ile. Hata hivyo wazo kwamba picha ibaki mahali ilipopigwa, na imfae mwenye nyumba iliyobeba uso wake, linastahili kuigwa kuliko fremu kumi za bei kubwa.

Najua pingamizi litakalotolewa, na ni la maana. Upigaji picha wa mitaani unategemea tukio la ghafla. Mpiga picha akianza kuandika majina na kusubiri ridhaa, wakati umeshapita, na zile picha za kweli kabisa, za watu wasiojua kwamba wanaangaliwa, hazitapatikana. Kuna pia watu ambao kutajwa jina kunawaweka hatarini: mhamiaji asiye na karatasi, mtoto, mtu anayejificha kutokana na ukatili wa nyumbani. Hoja ya pili naikubali moja kwa moja, kwani kuuliza ndiyo njia pekee ya kujua kwamba jina halipaswi kuandikwa. Anayeomba asitajwe ameheshimiwa, na maelezo yanaweza kusema wazi kwamba jina limehifadhiwa kwa ombi lake. Hoja ya kwanza naikubali kwa sehemu. Picha ipigwe kwanza, kwa kasi ya mtaa, lakini kati ya kubonyeza kamera na kufungua maonyesho huwa kuna miezi, na katika miezi hiyo mpiga picha anaweza kurudi palepale akiwa na nakala mkononi na kuuliza huyu ni nani. Katika nchi nyingi sheria ya hakimiliki humpa haki mpiga picha, na aliyepigwa hubaki na ulinzi mdogo unaotofautiana kutoka nchi hadi nchi. Kwa kuwa sheria imeegemea upande mmoja, wajibu wa kurudi na kuuliza unabaki kuwa wa mwenye kamera na wa anayemwonyesha.

Linabaki suala la nini kinatokea maonyesho yanapofungwa, na hapa nadhani waandaaji wengi hawajafikiria kabisa. Kati ya mwaka 1939 na 1941 jiji la New York lilipiga picha karibu kila jengo katika wilaya zake zote tano kwa ajili ya kutathmini kodi, zaidi ya picha 700,000, kila moja ikiwa na namba ya kiwanja. Hakuna aliyeziita sanaa. Leo zimewekwa kwenye intaneti, na watu hutafuta humo nyumba ambamo bibi na babu zao waliishi, duka lililofungwa, kanisa lililoungua. Thamani yake imetokana na mpangilio: anayejua anwani anaweza kuipata picha. Linganisha na maonyesho ya wiki mbili ambayo picha zake, ukumbi ukishafungwa, husambaa kwenye nyumba za wafadhili na diski za wapiga picha, bila orodha wala nakala mahali pa umma.

Kwa hiyo bajeti ya maonyesho ya jiji inapaswa kuwa na vifungu vitatu ambavyo havihitaji fedha nyingi na ambavyo mfadhili anaweza kuvidai kabla ya kutoa hundi. Cha kwanza ni nakala iliyochapwa kwa kila aliyepigwa picha, akabidhiwe kabla ya siku ya ufunguzi, pamoja na mwaliko wa ufunguzi huo. Cha pili ni seti kamili ya picha pamoja na maelezo yake, ikabidhiwe maktaba au hifadhi ya nyaraka ya jiji, ikiwa imepangwa kwa mitaa na tarehe. Cha tatu ni daftari ukumbini, pamoja na mtu wa kulisimamia, ambamo mtazamaji anaweza kuandika kwamba anamjua aliye katika picha fulani, kwamba jina la mtaa limekosewa, au kwamba mwaka ulioandikwa si sahihi. Masahihisho hayo yaingizwe kwenye maelezo wakati maonyesho bado yako wazi, karatasi ya zamani ing'olewe na mpya ibandikwe mahali pake, ili aliyesahihisha akirudi na jamaa zake wayasome.